Sahani ya Bi Mwasiti

Kila anayesomea utafiti wa uzee hukaa siku tisini na mzee mmoja. Akifanikiwa kumbadilisha mazoea hupewa cheti, na tangu hapo haruhusiwi kumtembelea tena. Mapenzi, wanasema, huharibu takwimu.

Zubeda alipangiwa Bi Mwasiti wa Kondoa, mjane asiyebanduka kitini tangu asubuhi hadi jioni. Hakumhubiria mazoezi. Alipika mihogo, akamwomba ampelekee jirani, Bi Somoe, nyumba ya nane. Sahani ikarudi na mapapai. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudishwi tupu, vikongwe hao wakawa njiani kila siku, bangili ya utafiti mkononi mwa Bi Mwasiti ikihesabu hatua na kurekodi njia.

Siku ya tisini Zubeda alifunga begi, apande basi la kurudi mjini. Bi Mwasiti akamkabidhi sahani ya vitumbua, imefunikwa kwa kawa.

"Utairudisha lini, mjukuu wangu?"

"Bibi, sheria hairuhusu…"

"Hiyo sheria haikufunzwa adabu. Wewe umefunzwa. Nitakungoja."

"Haya, bibi," alisema Zubeda, akashindwa kumtazama usoni.

Mwezi uliofuata, mkufunzi aliwaonyesha wanafunzi wapya hatua za Bi Mwasiti za mwezi huo, zimechorwa kwenye ramani ukutani. Zilikuwa zimeongezeka maradufu. Darasa zima likampigia Zubeda makofi.

Yeye akaisogelea ramani. Hakukuwa na hatua hata moja iliyoelekea kwa Bi Somoe. Mstari ulitoka nyumbani hadi kituo cha basi na kurudi, mara nne kwa siku, kila basi la kutoka mjini lilipoingia.