Mtoto wa Mado Anateleza Ijumaa

Elias hakuwa na mama jukwaani, wala baba, wala mjomba. Hakuwa na bendera ya kupeperushiwa. Hakuwa na bango lenye jina lake, wala mtu wa kumrushia mwanasesere kama wanavyorushiwa wenzake wakimaliza, na kocha aliyekuja naye alikuwa mtu wa kusema maneno matatu kwa siku, mawili yakiwa ya salamu. Miaka kumi na sita alikuwa nayo. Viatu vya barafu alikuwa navyo. Basi.

Jumatano, siku ya kwanza ya mashindano ya kimataifa ya vijana ya kuteleza kwa mitindo kwenye barafu, karibu na Fort Worth, Texas, alianguka mara mbili. Uwanja ulinyamaza hadi akasikia pumzi zake mwenyewe. Akashika nafasi ya kumi na sita. Chama cha mchezo huo kilichomtuma kilikuwa kimeshamwambia: asipoingia kumi bora, safari zake zimekwisha, na mama yake hakuwa na uwezo wa kumlipia.

Jioni ile Mado aliingia kwenye mazoezi ya kwaya ya Wakongo kule Haltom City, mji wa jirani, na hakuketi.

"Mtoto wangu anateleza Ijumaa," alisema. "Hana mtu."

Walimuuliza mama yake kijana yuko wapi. Mado akasema amebaki ng'ambo, pesa zilitosha tiketi moja tu. Hakuna aliyeuliza ng'ambo ipi. Haltom City kila nyumba ina mtu aliyebaki ng'ambo. Zéphyrin, mpiga ngoma wa kwaya, alitaka tu kujua kama huko uwanjani ngoma zinaruhusiwa. Mado hakujua. Wakakubaliana kwamba kwa kuwa hakuna anayejua, zinaruhusiwa.

Ijumaa mchana walifika zaidi ya ishirini, wengi wakitoka moja kwa moja zamu ya ghala, bado wamevaa vizibao vya njano vya kazini. Kila mwenye bendera aliileta: mbili za Kongo na moja ya Texas. Lydiah, muuguzi Mkenya aliyewahi kuimba nao kabla ya kuhamia mji wa mbali wa Katy, alileta ya Kenya na chupa kubwa ya chai.

"Nime-drive masaa manne," alimwambia Mado. "Huyo kijana akianguka, nitashuka huko chini nimwinue mwenyewe."

Elias akatokeza kwenye barafu, amevaa shati la kumetameta kama bwana harusi mwenye haraka. Mtangazaji alitaja jina lake la pili na nchi yake, lakini vigelegele vilimeza vyote viwili. Zéphyrin alimtazama kijana, akamtazama Mado, akamtazama kijana tena.

"Njo huyu, mtoto wako?"

"Njo huyu."

"Bon," alisema Zéphyrin, akaibana ngoma katikati ya magoti.

Lydiah alimwinamia Mado sikioni. "Aki Mado, anafanana na nani?"

"Na mama yake."

Muziki ukaanza. Elias alikimbia, akaruka, akazunguka hewani na kutua kwa makalio. Uwanja mzima ukanyamaza, kama ulivyonyamaza Jumatano.

Lakini wanakwaya walikuwa hawajawahi kuuona mchezo huu hata siku moja, na walidhani kukaa chini ni sehemu ya dansi. Walishangilia kuliko mwanzo. Ngoma ililia. Mzee mmoja alisema ile ya kukaa ndiyo tamu, airudie.

Elias, akiwa bado chini, aligeuza kichwa. Aliona vizibao vya njano, aliona bendera, akamwona Mado amesimama juu ya kiti. Akaanza kucheka. Aliinuka akicheka, na kicheko hakikumwacha tena.

Zéphyrin alikuwa ameukamata mdundo wa ule muziki wa fidla. Wazazi wa Kijapani waliokaa mbele yake waligeuka kumkodolea macho, kisha nao wakaanza kupiga makofi, na makofi yakazunguka uwanja. Elias aliruka mara sita zaidi, na mara zote sita alitua kwa mguu mmoja, imara kama msumari. Kwaya ilifurahi, ingawa ilisikitika kidogo kwamba hakukaa tena.

Alipomaliza, hawakuwa na mwanasesere wa kumrushia. Walirusha vitenge, kizibao kimoja na mfuko wa maandazi. Mado alishuka hadi ukingoni, akamfunga kijana kitenge mabegani na kumfuta jasho kwa pindo lake, kama waimbaji wanavyofutwa. Elias alishukuru kwa Kiingereza. Hakuna aliyeshangaa, watoto wa huku wote hujibu hivyo.

Walingoja wengine wote wateleze, mikono vichwani. Mwishowe jina lake likasimama kwenye nafasi ya kumi. Kocha alisema neno la nne.

Kesho yake asubuhi Mado aliketi kuandika barua. Lydiah, aliyelala kwake, alisema ujumbe wa simu ungefika upesi zaidi. Mado akajibu kwamba ujumbe wa simu hautundikwi ukutani, akaendelea kuandika:

"Mama Elias, mtoto amekula. Alianguka mara moja tu, na ilipendeza. Mimi ndiye mpishi wa mayai katika hoteli alikolala. Jumanne nilimwona mezani peke yake, sahani haijaguswa. Sasa usiwe na wasiwasi, hapa ana watu."

Akatia na picha: kwaya nzima, vizibao na bendera, na katikati yao kijana mwenye nywele nyeupe kama ndevu za mahindi, kitenge shingoni, mashavu mekundu kama nyanya.

Lydiah aliuliza ni nani atakayemsomea yule mama Kiswahili huko Helsinki. Mado alisema ataelewa, akalamba bahasha, akaifunga, akaenda kuitia posta.