Babu Kobe na Mazoezi ya Mafuriko

Katika bonde lililozoea kufurika paliishi Kidawa, nguchiro mdogo mwenye wasiwasi. Kila Jumatatu aligonga sufuria ili wanyama wajizoeze kukimbilia kilimani.

Nyati, aliyejivunia mbio zake, hakuinua hata kichwa. "Mwanangu, maji yakija nitakimbia. Sasa hivi nakula."

Ni Babu Kobe pekee aliyeitikia. Kufikia Alhamisi alikuwa bado anapanda, na bonde zima likimcheka. Kidawa aliona haya, akamfuata na sufuria yake.

"Babu, mazoezi yaliisha zamani. Rudi nyumbani."

"Nirudi vipi, mjukuu wangu, na nimebakiza jiwe moja tu?"

Wakibishana hivyo, mto ukafurika. Nyati alikimbia kweli, ila kwa kiwewe akaelekea mtoni. Kidawa akagonga sufuria kwa nguvu zake zote. Nyati akaufuata mlio hadi kileleni, akiwa amelowa chapachapa, kambare akining'inia kwenye pembe yake.

"Babu Kobe! Umekimbiaje hata ukanishinda?"

"Sijakimbia. Haya bado ni mazoezi ya Jumatatu."

Nyati akamgeukia Kidawa kwa adabu. "Mengine lini, bibie?"

"Msiyaharakishe," Babu Kobe akadakia. "Na mimi nahitaji muda wa kushuka."