Fomu ya Muhanga

Zamani wanyama walipoanza kupikia gesi, Muhanga mwenye kucha ndefu alikuwa ndiye mchimbaji pekee wa visima. Siku moja Tausi, katibu wa Chama cha Wachimbaji wa Mafuta na Gesi, alimfuata kisimani na fomu ya uanachama.

"Jiunge nasi, kaka. Mchimbaji asiye na chama hana sauti," alisema, huku akikwepa tope.

Muhanga alijifuta mikono, akaisoma. Sharti lilikuwa moja tu: wanachama wawili waliomwona mwombaji akichimba watie sahihi.

"Basi waite waje waone."

Wakaja wanachama wote arobaini, beji vifuani. Muhanga akashuka, akaanza kuchimba. Kiboko alichungulia, akasema kuna giza. Fisi alilalamikia harufu ya gesi. Hakuna aliyeteremka.

Muhanga akapanda juu akitweta kwa hasira. "Nyinyi wenyewe mliingiaje chamani? Nani aliwaona mkichimba?"

"Tulisainiana," alijibu Tausi bila haya.

"Mlisainiana! Miaka yote hii mnakaa vikaoni mkisema kwa niaba ya wachimbaji, na hakuna hata mmoja wenu mwenye tope kwenye kucha!"

Akaigeuza ile fomu, akaandika jina lake kwa kidole cha tope, akaibandika kwenye mti kando ya kisima.

"Leo naandikisha mimi. Aliyechimba hata shimo la kimo chake, asaini hapa."

Wale arobaini, kila mmoja na kalamu yake, wakarudi vikaoni. Mpaka leo fomu ile ina jina moja.