Shimo la Madalali Wawili

Zamani, wanyama walipopangishana mashimo, Panya Buku alitafuta pa kuzalia kabla ya masika. Dalali Kunguru alimwonyesha shimo kavu, akala nusu ya karanga zake kuwa ada ya kuonyesha.

"Huyo anakuibia, mama," akasema dalali Kima. "Njoo uone langu."

Akamzungusha vichakani, akamaliza karanga zilizobaki, kisha akamfikisha shimo lile lile, mlango wa nyuma.

"Mteja wangu huyo," Kunguru akafoka.

"Tangu lini, mdomo mrefu wewe?"

Panya Buku akawaacha wakigombana, akaingia. Ndani alikuwa amelala Nungunungu, mwenye shimo.

"Pole, mama," akasema. "Nani kakwambia mimi nahama?"

Panya Buku akatoka. Madalali walikuwa wameshamkimbilia Sungura, mvua imeanza, na uchungu ulikuwa umemshika.