Chupa ya Posa

Ngumbao alikuja kuniposa na chupa ya divai nyeupe ya Kiitaliano, kaishika shingoni kwa leso kama mtu aliyeokota nyoka.

"Vermentino," alimwambia baba. "Yatoka kisiwa cha Sardinia. Mizabibu yake hupigwa na upepo wa bahari, ndiyo mkiionja mtasikia kachumvi."

Miaka mitatu tu kwenye hoteli ya Waitaliano Malindi, na sasa atufundisha chumvi!

Akachungulia sufuria ya mamangu. "Hii hufaa samaki wa kuchoma, mama. Huyu wa kupaka, nazi yake itaiharibu."

Mama akarudisha kifuniko polepole.

Babake Ngumbao alikaa pembeni, akitazama vidole vyake vilivyopasuka kwa kukwea minazi. Kibuyu cha tembo la mnazi alilogema mwenyewe kwa ajili ya posa hii, mwanawe alimwamuru akiache nje, penye viatu.

Kijijini kwetu Ganda kinywaji cha posa hakinywewi mpaka binti aulizwe. Akisema kinywewe, amemkubali mume.

"Haya, mwanangu," baba akaniuliza. "Tuinywe?"

Ngumbao alishazibua chupa, akaanza kuzungusha bilauri tupu aliyokuja nayo kutoka hotelini.

Nikaichukua chupa, nikatoka nayo uani, penye ndoo ya magamba na matumbo ya samaki. Mlango ulikuwa wazi, wote wakiniona. Nikaimimina ndooni mpaka tone la mwisho. Nzi wakaruka.

"Si umesema hufaa samaki?"