Leo Kipanga Anakufa

Talib alikuwa afe saa kumi na moja jioni, na mtaa mzima wa Mpendae ulishatandika mikeka mbele ya televisheni.

Ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia ya Kipanga, yule mwizi wa kwenye hadithi za wazee aliyekuwa akivunja maghala ya matajiri wa karafuu usiku, asubuhi maskini wakakuta mchele mlangoni. Tangu ianze kuoneshwa, watoto wa mtaa hawana mchezo mwingine. Kila mmoja anataka kuwa Kipanga, hakuna anayekubali kuwa askari. Na aliyemcheza Kipanga ni Talib, mtoto wa mtaa huu huu, mume wa Bi Salhiya.

Bi Salhiya mwenyewe alikuwa ndani, kakaa eda.

Mashemeji walikuja siku ile ile ya kwanza, wakasema nyumba ni ya Talib lakini akae mpaka eda imalizike. Akakaa. Sokoni haendi, harusini haendi, Forodhani kupunga upepo ndiyo kabisa. Wanawake walijaa barazani, wakamshika mkono na kushusha sauti. "Pole, Bi Salhiya. Ndiyo dunia." Yeye akajibu, "Nshapoa." Wakamsubiri alie. Wengine walisubiri mpaka chai ya pili, wakaondoka na kiu yao.

Si kwamba alijikaza. Hakuwa akisikia kitu. Miaka thelathini na mtu mmoja, halafu mchana mmoja, wali haujapoa, mtu hayupo, na moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Kanzu zake zilikuwa bado kabatini. Hakuzigusa, wala hakuzichukia.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: eda iishe. Na ilikuwa inaisha leo, jua likizama. Binti yake Khairat alikuwa na mgahawa mdogo Nungwi, na alishasema atakuja kumchukua kwa gari baada ya magharibi. Bi Salhiya angepika pweza wake huko, angelala chumba chake, angefunga mlango kwa ufunguo wake. Begi alilifunga tangu alfajiri.

"Hodi, hodi!" Bashira, jirani wa ukuta mmoja, aliingia hajasubiri karibu. Akaliona begi. "Shoga, si uende zako sasa hivi? Jua lenyewe limebaki hilo. Nani atakuona? Watu wote wako na Kipanga."

"La. Nshakaa siku zote hizi, nshindwe na jioni moja? Sitaki mtu aje kuniambia eda yangu niliivunja."

"Wallahi wewe una moyo."

"Sina. Ningekuwa nao ningeshatoka."

Bashira akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. "Na utaweza kumwangalia akifa?"

"Washa."

Basi wakaangalia. Kipanga huyo, ndevu za kubandika, kazingirwa na askari kwenye shamba la minazi. Hana pa kukimbilia, lakini bado anapita kwa wakulima akiwagawia kibaba cha mwisho, anabusu watoto wasiokuwa wake, anawashika wazee mabega. Bi Salhiya alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya mtaa wa pili. Huyu huyu, nyumbani, hajapata kukuna nazi hata moja.

"Cha watu nimewarudishia watu!" akaguruma Kipanga kwenye kioo. Bunduki zikalia. Akaanguka kwa raha zake, taratibu, kifua mbele.

Mtaa mzima ukapiga ukelele. Nyumba ya nyuma mtu alisikika akimtukana askari. Bashira alilia mpaka mtandio ukarowa.

Bi Salhiya alijisubiri. Alidhani labda sasa kitu kitapasuka huko ndani, kilio kitoke, apumue. Hakikutoka kitu. Ila baada ya muda akagundua ana njaa. Njaa hasa, ya kutaka kutafuna. Alikuwa kasahau inavyokuwa.

Akainuka, akamega mkate, akaula kwa chai ya tangawizi amesimama dirishani. Jua lilishashuka nyuma ya mapaa, limebaki ukingo tu. Akamega tena. Mkate ulikuwa mtamu.

"Bashira," akasema, "unajua nimefurahi?"

"Ah! Mcheka kilioni wewe."

"Nimefurahi. Nisitiri tu."

Akaenda kutia udhu. Maji yalikuwa ya baridi, na aliyasikia yalivyokuwa ya baridi, mikononi, usoni, mpaka vifundoni. Akavaa baibui lake. Akasimama ukumbini akisikiliza, ingawa adhana ilikuwa haijafika.

Mlango ukagongwa.

"Khairat huyo, kawahi!" Bashira alikimbilia kufungua. Akafungua, akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

Kizingitini walisimama wazee wawili wa msikitini, kofia kichwani, nyuso chini. Katikati yao alikuwa Talib, nywele bado nyeusi kwa ile rangi ya tamthilia, akihema kama mtu aliyekuja mbio.

"Salhiya," alisema, "ile talaka moja niliyokupa, eda yake bado haijaisha. Mbele ya mashahidi hawa, nimekurejea."

Msikitini, muadhini akakigonga kipaza sauti kidogo, kisha akakohoa, akaanza kuadhini.