Kinga ya Lazima

Kompyuta ya Mzee Chande ndiyo pekee mtaani iliyokuwa haina Kinga, ile programu ya kuua virusi ambayo serikali ilikuwa imeilazimisha kila nyumba kuwa nayo. Sasa Eliwaza, mkaguzi wa kata, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta hiyo akiipakia Kinga.

"Miaka kumi haijapata kirusi hata kimoja!" mzee alifoka. "Mnalinda nini nyie, kama si vyeo vya wakubwa wenu?"

"Baba, mimi nimetumwa tu."

Mara Kinga ikanasa faili moja: sauti ya marehemu Zamda, mkewe, akiimba huku anakuna nazi. Kisheria, faili la mtu asiye hai lilikuwa kirusi, kwa sababu hakuna wa kulijibia, na lilipaswa kufutwa papo hapo.

Mzee akamshika mkono. "Mwanangu, nimebaki na hiyo tu."

Eliwaza akatazama mlangoni, akanong'ona, "Basi bonyeza hapa. Sema yu hai, yuko jikoni."

Chande akabonyeza. Sauti ikanusurika. Kisha, Eliwaza akianza kukusanya vitu vyake bila kumtazama mzee, maandishi ya Kinga yakatokea kwenye kioo:

"Asante. Bi Zamda asitoke nyumbani. Maofisa wako njiani kuja kumhakiki."